Mama Aliyewatoa Wageni Kabla Hakujapambazuka

Kwa Makvala mgeni haagi, anatolewa. Ndivyo walivyosema watu wa pande zote mbili za mlima, na mimi niliyelala kwake misimu mingi naweza kusema hawakumsingizia. Unalala umeshiba, umefunikwa ngozi ya kondoo, halafu usingizi ndio kwanza unanoga unasikia ncha ya fimbo inagusa nyayo zako.

"Amka. Theluji imelala, wewe amka."

Nje giza. Hupewi chai, hupewi mkate wa moto, wala kikombe kimoja cha araki cha kuiombea njia. Unapewa mkate wa jana na kipande cha jibini kwenye kitambaa, unaelekezwa mlangoni, na kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu mlango umeshafungwa nyuma yako.

Kwetu milimani Svaneti hilo si jambo dogo. Mtu aliyekuibia ng'ombe unaweza kumsamehe baada ya miaka kadhaa, lakini kumwacha mgeni avuke kizingiti asubuhi bila kukaa mezani, watu watakusimulia mpaka wajukuu zako waone haya. Walimsimulia kweli. Walisema mbwa wa Makvala ni mpole kwa sababu kazi ya kubweka amemwachia mwenye nyumba. Alisikia, akasema mbwa ana akili.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kitambaa cheusi kichwani, miguuni viatu vya marehemu mumewe alivyovijaza sufi ili vimkae. Nyumba yake ndiyo ya mwisho chini ya mlima Latpari, pale njia inapoanza kupanda kwenda upande wa pili, kwa watu wa Lashkheti. Miaka ile barabara ya bondeni ilikatwa na mawe kila majira ya kuchipua, kwa hiyo mwenye shida upande wa pili alipanda mlima, na aliyepanda mlima alilala kwa Makvala. Mimi kazi yangu ilikuwa kunoa misumeno na kuziba masufuria, bonde hadi bonde, kwa hiyo nililala sana pale. Jiko lake lilikuwa na mlango mbovu usioshika joto wala siri.

Sababu ya kuwatoa wageni gizani kila mtu aliijua, ila hakuna aliyeitaja mbele yake. Mumewe, Bekhan, alikuwa mtu wa kuwavusha wageni korongo lililo juu ya msitu. Asubuhi moja ya mwezi wa nne waliketi mezani kwanza, kama inavyopasa, kila kikombe cha araki na dua yake. Kikombe cha Mungu Mkuu, cha malaika wakuu, cha Jgrag anayewalinda wasafiri. Kisha cha marehemu, cha nyumba, cha mifugo, cha watoto watakaozaliwa. Kilipofika kikombe cha njia, jua lilikuwa limeshakaa begani mwa mlima kwa muda mrefu. Bekhan, shemeji yake na mgeni mmoja waliingia korongoni wakiimba. Walipatikana mwezi wa nyasi, theluji ilipokwisha.

Theluji ya majira yale ndivyo ilivyo. Usiku mbingu zikiwa wazi inaganda, unatembea juu yake kama sakafuni. Jua likiipiga, maji yanaanza kushuka ndani yake yakitafuta ardhi, na mlima mzima unabaki umeshikwa na kitu kisichoshika; mguu mmoja, au sauti kubwa kama wasemavyo wazee, na yote inaporomoka. Makvala hakuwa na maneno mengi juu ya hilo. Kwake theluji ilikuwa imelala au haikulala, basi.

Sasa, alikuwa na mtoto mmoja tu, Ivdite, aliyeshapita miaka thelathini. Alikuwa mtulivu, mkono wake wa jibini ukijulikana mpaka mjini Mestia. Mara mbili watu walikuja kumposa na mara mbili walirudi kimya. Nyumba inayofukuza wageni, walisema, binti yake atamkaribisha nani? Kisha akatokea Goji, fundi wa mapaa kutoka Lashkheti, mtu wa makamo asiye na baba, naye hakujali mbwa wala kubweka. Ila neno la posa halikuwa lake kulisema. Lilikuwa la baba yake mkubwa, Almatsgir. Almatsgir akikataa, hakuna harusi, na Ivdite hakuwa na umri wa kungoja mwingine.

Huyo Almatsgir ndiye aliyekuwa akikalishwa kichwani mwa meza aongoze vikombe katika kila harusi na kila matanga ya Lashkheti. Jitu la mashavu mekundu, sauti ya kutikisa vikombe. Walivuka Alhamisi baada ya Pasaka, theluji ikiwa ngumu, wakafika kabla ya adhuhuri, watatu: yeye, Goji, na jirani yao Murza, mtu mwembamba ambaye sidhani alipata kufunga mdomo hata usingizini.

Usiku ule Makvala aliandaa kila alichonacho. Mikate ya nyama, viazi vilivyosongwa na jibini mpaka vikavutika kama uzi, chumvi yetu ya viungo. Almatsgir akala, akafuta masharubu, akasema:

"Mama Makvala, nimeambiwa hapa kwako watu wanafukuzwa kama kuku."

"Kuku hufukuzwa waingie ndani, mzee. Mimi nafukuza watoke."

Murza akacheka mpaka mkate ukampalia. Almatsgir naye akacheka, lakini akaweka kiganja juu ya meza.

"Basi nisikilize. Tumekuja kwa jambo, na jambo lenyewe mnalijua. Neno la posa mimi silisemi usiku. Baba yangu alilisema asubuhi, mezani, kikombe cha tatu, jua likimwona. Na mimi nitalisema hivyo. Kisha tutaondoka, maana Jumamosi kunapopambazuka ni arobaini ya dada yangu, na mimi ndiye wa kukaa kichwani."

Ivdite aliacha kutafuna. Goji akatazama mikono yake. Kila mtu mezani alielewa: mzee ameiweka nyumba kwenye mizani. Meza ya asubuhi, au hakuna neno.

Walipokwenda kulala nilisikia mama na binti jikoni.

"Mama, mara moja tu. Vikombe vitatu."

"Havijapata kuwa vitatu."

"Nitavihesabu mwenyewe."

"Baba yako naye alikuwa anavihesabu."

"Kwa hiyo nizeeke hapa na ng'ombe?"

"Uzeeke," Makvala akasema. "Na Goji azeeke pia. Mzee mwanamume ni kitu kizuri, kipo, unakiona."

Kisha sikusikia kitu ila Ivdite akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Nilizoea fimbo kiasi kwamba usiku ule niliamka mwenyewe nikiingoja. Haikuja. Nikasikia paa likidondosha maji, tone baada ya tone, kitu ambacho usiku wa kugandisha hakisikiki. Nikatoka ukumbini. Makvala alikuwa amekaa juu ya sanduku la nafaka, suruali ya Bekhan imelowa chini ya sketi yake, fimbo magotini.

"Haikulala," akaniambia. "Mawingu yamekuja kutoka magharibi, yameifunika kama blanketi. Nimesimama nyuma ya zizi nimezama mpaka hapa." Akajigusa paja. "Na chini kuna maji, nimeyasikia."

"Wataondoka tu," nikasema. "Yule mzee ana arobaini."

"Najua ana nini."

Akainuka akaenda kuwasha jiko.

Kulipopambazuka, Murza, aliyelala na viatu miguuni akingoja kufukuzwa, alitokeza kichwa. "Jamani, mbona hatujatimuliwa? Au tumekufa?"

Almatsgir akatoka nyuma yake akinyoosha mgongo, akaona meza. Mikate ya moto. Vikombe. Jibini mbichi. Mwanamke aliyekuwa kichekesho cha mabonde mawili alikuwa amemwandalia meza ya asubuhi. Uso wake ukafunguka. "Goji," akasema, "binti huyu ana mama!" Wakaketi. Kikombe cha Mungu Mkuu. Kikombe cha malaika. Nje mawingu yalikaa chini, kijivu, baridi kidogo tu, hakuna jua la kumtisha mtu. Ivdite alikuwa amesimama karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza niliona rangi mashavuni mwake. Aliamini mama yake amekubali kwa ajili yake.

Almatsgir akasimama na kikombe cha tatu. Akakohoa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Kaa kwanza, mzee," Makvala akasema. "Usiseme kitu ambacho baadaye utatamani kukirudisha. Leo hamwendi."

Angeweza kungoja. Angemwacha aseme, kisha amwambie. Ivdite alifumba macho.

"Unasemaje?"

"Theluji haikulala. Kesho labda. Leo hapana."

"Jana nimepita pale napiga mluzi!"

"Jana ilikuwa imelala."

"Hakuna jua, mama! Tazama nje! Hata kuku haoni kivuli chake."

"Jua la juzi na la jana limo humo ndani bado. Usiku haukulitoa."

Almatsgir akatua kikombe, araki ikamwagika. "Wanaotaka kukaa unawafukuza. Wanaotaka kwenda unawazuia. Una nini wewe? Kesho watu wa mabonde matatu wanakaa kumlilia dada yangu, na kichwani mwa meza kuna kiti kitupu! Goji, chukua mzigo. Posa gani hii, tumekuja kuoa au kufungwa?"

"Baba mkubwa, hebu..." Goji akaanza.

"Hebu nini? Unabaki? Baki! Mwambie akuoe yeye!"

Murza alikuwa ameshika mkate hewani. "Mimi napendekeza tumalize kula kwanza," akasema taratibu, "ndipo tugombane," lakini hakuna aliyemsikiliza. Almatsgir alishafika mlangoni, mkongojo wa ncha ya chuma mkononi, kofia kichwani.

Makvala akajaza kikombe. Mwanamke kwetu haongozi meza. Lakini marehemu wa nyumba ni wa nyumba, na mwenye nyumba akiwainulia kikombe hakuna atokaye mpaka wamalizike, awe mgeni, awe adui.

"Kwa Bekhan," akasema.

Almatsgir alisimama na mkono kwenye komeo. Akavua kofia.

Nilikuwa nimelala nyumba ile misimu yote hiyo na sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Hakusema jinsi alivyokufa. Alisema alivyokuwa anakula asali kwa kidole kama mtoto, akikana huku kidole kinang'aa. Alisema alikuwa hajui kuimba na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kwamba viatu hivi ni vyake, na asubuhi akivivaa huvisemesha. Polepole, hana haraka, na alipomaliza akanywa tone, akajaza tena.

"Kwa Jokia, ndugu yangu."

Kisha mgeni yule aliyekufa nao, ambaye alilijua jina lake na la mama yake. Kisha waliochukuliwa na korongo lile kabla yao, majina aliyopewa na vikongwe: mfugaji fulani na fahali wake, bibi harusi wa Ushguli, ndugu wawili waliokuwa hawasemezani wakakutwa wameshikana. Kila mmoja na kikombe chake, na kila mmoja na jambo moja la kumkumbukia. Almatsgir alirudi hatua kwa hatua, kwanza akaegemea ukuta, kisha akakaa kwenye benchi, kisha mezani, kwa sababu mtu aliyezoea meza za marehemu miaka yote hawezi kusikiliza vikombe hivyo akiwa mbali. Saa sita ilipita. Mvua nyepesi ikaanza kunyesha. Mzee alielewa wazi kwamba anazuiwa, akakubali kuzuiwa.

Majina yalipokwisha, Makvala akamgeukia.

"Dada yako alikuwa anaitwa nani?"

Mzee akaiweka kofia magotini. "Sabeda."

"Hamia kichwani. Tumfanyie hapa."

Ivdite akaleta mshumaa, na ngano iliyochemshwa kwa asali. Nguo nyeusi hakuhitaji kutafuta, nyumba ile ilikuwa nayo. Almatsgir akaenda kichwani mwa meza ya watu sita akasema juu ya Sabeda. Nimesikia wasemaji wengi. Yule siku ile hakutikisa kikombe hata kimoja. Alisema dada yake alimbeba mgongoni kwenda kuchunga, na kwamba mpaka leo akinusa sufi mbichi huona mgongo wa Sabeda. Murza alilia kwa sauti, akasema ni moshi.

Lakini neno la posa halikusemwa. Haliwezi kusemwa kwenye meza ya matanga, na kesho asubuhi hakutakuwa na meza. Ivdite alilijua hilo. Alikusanya vikombe bila kumtazama mama yake, na Goji alipomshika mkono kwa siri nyuma ya mlango akasema, "Usinishike kama mgonjwa, Goji. Sijafa."

Jioni upepo ukageuka. Mawingu yakapasuka, nyota zikatoka zote pamoja, na kabla ya kulala tulisikia ndoo ya maji nje ikilia kwa kuganda.

Fimbo ilinigusa nyayo.

"Amka. Imelala."

Niliondoka nao, maana na mimi nilikuwa na misumeno ya kunoa upande wa pili. Ivdite alitupa vitambaa vya mkate mlangoni, kila mtu chake. Tulipita msituni kwa nyota, viatu vya theluji vya fito vikiwa migongoni, visihitajike, kwani chini kulikuwa kugumu hadi vyuma vya mikongojo vinalia. Penye mwisho wa miti Makvala akasimama. Akampa kila mtu uzi mrefu wa sufi nyekundu aufunge kiunoni, uburute nyuma.

"Wa nini huu?" Murza akanong'ona.

"Theluji ikikufunika, sufi huelea juu. Tutaufuata tukupate."

"Nikiwa hai?"

"Hilo ni juu yako. Legeza kamba za mzigo. Mmoja mmoja. Wa nyuma asiingie mpaka wa mbele afike kwenye mwamba. Hakuna kusimama katikati, hakuna kuongea. Wewe hasa."

Alitangulia. Korongo lilikuwa pana kuliko ninavyolikumbuka kila mara, limejaa, jeupe hata gizani, limenyamaza. Mmoja mmoja tukavuka, uzi mwekundu nyuma ya kila mtu, mpaka wote tukawa kwenye mwamba mkubwa ng'ambo, mahali ambapo hakuna kitu juu yako ila mbingu. Kulikuwa kumeanza kuwa na nuru ya kijivu.

Almatsgir alitazama korongo juu hadi chini. Lilikuwa zima. Hakuna hata bonge moja lililokuwa limeteremka.

"Haikuanguka," akasema.

"Haikuanguka," Makvala akajibu.

"Jana ningepita."

"Labda ungepita."

Mzee alitarajia mama ajitetee. Hakujitetea. Alikuwa anakunja nyuzi zake, akizipiga piga barafu itoke.

"Nimeikosa arobaini ya dada yangu kwa ajili ya theluji ambayo haikuanguka," mzee akasema. "Nikifika kule watauliza. Niwaambie nini?"

"Waambie ulizuiwa na Makvala. Watakuamini mara moja. Jina langu limeshazoea kubeba."

Goji alikuwa amegeuka kando. Almatsgir akamtazama yule mwanamke mfupi na viatu vyake vikubwa, kwa muda, kama mtu anayesoma kitu kwa taa hafifu.

"Jana nilikuwa na neno mdomoni," akasema. "Ungeninyamazia kidogo tu ungelipata. Kwa nini hukunyamaza?"

"Ungelisema ukiwa na haraka, ungeondoka na haraka. Ningemwambia nini binti yangu? Kwamba neno tunalo, ila Goji hatunaye?"

Mzee akavua kofia. "Baba yangu alilisema jua likimwona."

"Jua likikuona hapa nitakupiga na fimbo hii."

"Basi litanisamehe. Mama Makvala, mtoto wetu Goji anamtaka mtoto wenu Ivdite. Nyumba yetu inamtaka. Mimi namtaka. Sina kikombe, sina mkate uliokatwa, nina baridi ya miguu. Unasemaje?"

Makvala akakunja uzi uliobaki, akaufungua, akaukunja tena. "Ivdite alishakubali tangu mwaka jana," akasema mwishowe. "Njooni mwezi wa nyasi. Mtakaa mezani mpaka mkimbie wenyewe."

"Na asubuhi?"

"Na asubuhi. Hata vikombe ishirini. Mwezi wa nyasi hakuna theluji. Sasa ondokeni!"

Goji alimkumbatia akamwinua kidogo kutoka chini. Almatsgir naye akafungua mikono akakuta ncha ya fimbo kifuani.

"Ondoka, mzee. Nuru hiyo."

"Watu wameshakuwa ndugu na bado wanafukuzwa," Murza akasema, akikaza kamba za mzigo. "Mimi nilidhani posa inatibu."

Makvala alirudi peke yake. Alivuka korongo kwa hatua zilezile, hakukimbia, uzi wake nyuma. Sisi tulipanda. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima jua lilikuwa linagusa bega la mashariki, na chini kabisa, penye mwisho wa miti, alikuwa amesimama akitutazama, mdogo kama punje.

Almatsgir akavuta pumzi kifuani, ile pumzi ya watu mia mbili mezani, amsalimie mamkwe wa mwanawe. Murza akamziba mdomo kwa glavu. Mzee akaitazama theluji chini yetu, akaelewa. Akavua kofia akaipunga, kubwa, huku na huku, bila sauti yoyote.

Kule chini Makvala hakupunga. Aliinua fimbo akatuelekeza mbele.